Barua za Wafugaji: Ng'ombe Aliyetupa Mimba Mara Moja, Kisha Akazaa Salama

Barua tatu nilizopokea tangu toleo lililopita zinahusu ugonjwa mmoja, bruselosi, ambao wafugaji wengi huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Jina hilo linaeleweka, lakini lina kasoro: humzoeza mfugaji kusubiri mimba itoke ndipo ashtuke, wakati ambapo bakteria wamekwisha kukaa zizini kwa miezi au miaka. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kosa lililomo ndani yake si la mwandishi peke yake. Hata sisi wataalamu hulifanya.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, chotara, hapa Hai upande wa tambarare, na mchana huchungwa pamoja na ng'ombe wa jirani. Mwezi Machi mwaka jana mmoja wao alitupa mimba ya miezi saba, na kondo la nyuma likakaa siku tatu bila kutoka, hata nikalivuta mwenyewe kwa mkono. Mtaalamu wa mifugo alikuwa amekuja siku moja baada ya mimba kutoka, akachukua damu, na majibu yakasema hana brusela. Jirani alinituliza kwamba ni bahati mbaya tu, na kweli ng'ombe huyo alishika mimba tena na mwezi Machi mwaka huu amezaa ndama mzima, mwenye afya. Sasa, Mei, mtamba wangu wa nyumbani ametupa mimba ya miezi sita. Je, kipimo kilidanganya, au huu ni ugonjwa mwingine? Nami tangu Juni mwaka jana nina homa inayokuja jioni na kuondoka, kiuno kinauma, na nimekwisha kutibiwa malaria mara tatu na taifodi mara moja.
Mama mfugaji, Hai, Kilimanjaro

JIBU: Mama, pole kwa hasara, na pole zaidi kwa homa. Nitaanza na homa, kwa kuwa ng'ombe anaweza kungoja wiki tatu lakini wewe usingoje. Nenda hospitali, na kabla hujaulizwa chochote mweleze daktari kwamba unafuga, kwamba ng'ombe wako wametupa mimba, na kwamba ulivuta kondo bila glavu. Bila maelezo hayo hatakuwa na sababu ya kufikiria bruselosi, kwa maana homa yake haina sura ya peke yake: jasho la usiku, uchovu, maumivu ya viungo na kiuno, siku nzuri na siku mbaya. Hapo hapo mkoani kwako, Moshi, utafiti wa wagonjwa waliolazwa kwa homa, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walidhaniwa kuwa na malaria, ilhali maabara iliithibitisha kwa wagonjwa wasiofika 2 katika kila 100, na miongoni mwa vyanzo halisi magonjwa yatokayo kwa wanyama, bruselosi ikiwamo, yalikuwa na sehemu kubwa. Ikithibitika, matibabu kwa kawaida ni dawa mbili kwa pamoja, muda wa wiki sita au zaidi. Wengi huacha wiki ya pili wakijisikia nafuu, na ndipo ugonjwa unaporudi ukiwa umejichimbia kwenye mifupa. Kama kuna mjamzito nyumbani kwako, au yeyote aliyekunywa maziwa mabichi, naye apimwe.

Sasa turudi zizini. Hukusema ni kipimo gani kilichotumika, lakini katika maabara nyingi za kwetu kipimo cha kwanza ni kile kiitwacho Rose Bengal, kwa jina la rangi yake ya waridi. Tone la majimaji ya damu ya mnyama huchanganywa na tone la bakteria waliouawa na kutiwa rangi hiyo, kibao kikatikiswa taratibu kwa dakika nne, na mchanganyiko ukigandamana kuwa chembechembe, mnyama huhesabiwa kuwa ana dalili za ugonjwa. Kinachoonekana pale si bakteria waliomo mwilini. Ni kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umetengeneza dhidi yao, na silaha huchukua muda kutengenezwa. Kwa ng'ombe wengi kingamwili huanza kuonekana wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, lakini kwa baadhi ya wenye mimba hazionekani mpaka mimba itoke, na pengine wiki kadhaa baada ya hapo. Kwa hiyo damu iliyochukuliwa siku moja baada ya mimba kutoka inaweza kuleta jibu la "hana" kutoka kwa ng'ombe ambaye kiwele chake na mji wake wa mimba vimejaa bakteria. Kipimo hakikudanganya, kiliulizwa mapema mno, na hakuna aliyerudi kukiuliza tena. Mtaalamu wako alipaswa kuchukua damu ile ya kwanza, kisha arudi baada ya wiki tatu kuchukua ya pili, na zisomwe pamoja. Nasema hivi bila kumlaumu sana, kwa sababu safari ya pili ina nauli yake, na aghalabu mfugaji mwenyewe akishapata jibu la "hana" hataki kusikia habari za gharama nyingine.

Siku ile ya mimba kutoka, sampuli iliyo bora kuliko damu ilikuwa imelala chini kwenye majani. Tumbo la kijusi na nyama ya kondo hubeba bakteria kwa wingi wa kutisha, na kipande kidogo kikipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi maalumu huonyesha bakteria wekundu juu ya mandhari ya buluu siku hiyo hiyo, bila kungoja kingamwili. Hata hivyo, vitu hivyo ndivyo vyenye hatari kubwa kuliko vyote kwa mwanadamu, kwa hiyo sitaki uvishike. Vifunike, wazuie mbwa wasivivute, mwite mtaalamu mwenye glavu ndefu na kinga ya macho na pua, naye akishachukua chake, kilichobaki kichomwe au kifukiwe kwenye shimo refu pamoja na chokaa.

Jirani yako alikutuliza kwa sababu iliyowapumbaza wengi. Bakteria huyu hupenda mji wa mimba wa ng'ombe kwa kuwa humo, mimba inapokua, kuna aina ya sukari inayomstawisha. Ndiyo maana mimba hutoka ikiwa kubwa, kuanzia mwezi wa tano hivi, na si changa. Lakini ng'ombe wengi hutupa mara moja tu. Mimba inayofuata mwili umekwisha kumzoea mgeni, ndama huzaliwa kwa wakati wake, na kila mtu husema ng'ombe amepona. Hajapona. Bakteria wamehamia kwenye kiwele na mitoki ya nyuma ya kiwele, hutoka kwenye maziwa kwa vipindi miaka yote iliyobaki, na kila anapozaa, hata akizaa salama, kondo na majimaji yake huimwagia ardhi mbegu mpya. Tazama tarehe zako mwenyewe: ng'ombe wa kwanza amezaa Machi, mtamba wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minne, wakalamba na kunusa mahali pamoja, na Mei mtamba ametupa. Siwezi kumhukumu ng'ombe kwa barua, lakini kama ningekuwa na shilingi moja ya kupima mnyama mmoja tu katika zizi lako, ningempima yule aliyezaa salama.

Umeuliza pia kama huu unaweza kuwa ugonjwa mwingine. Unaweza, na swali ni zuri. Homa ya Bonde la Ufa hutoa mimba pia, lakini huja kwa kishindo baada ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ilivyokuwa mwaka 2006 na 2007, ikitoa mimba za umri wote katika mifugo mingi kwa pamoja huku ndama na wanakondoo wachanga wakifa. Zipo pia leptospirosisi, nagana itokanayo na mbung'o, na hata njaa ya kiangazi. Bruselosi kwa kawaida huja kimyakimya, ikianza na mitamba ya mimba ya kwanza au na ng'ombe mgeni, mimba moja moja, na kondo kukwama.

Kwa hiyo fanya hivi. Damu ya wanyama wote wanne ichukuliwe sasa, na mtamba arudiwe baada ya wiki tatu. Atakayeonekana kuwa na kingamwili kwa Rose Bengal athibitishwe kwa kipimo cha pili, mathalani ELISA, kwa sababu yapo maambukizi mengine, kama ya bakteria aitwaye Yersinia, yanayoweza kuifanya Rose Bengal igandamane bila bruselosi kuwapo. Maabara za kanda za TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, ikiwamo ya Arusha iliyo karibu nawe, ndiko mtaalamu wako atakakopeleka sampuli. Wakati mnangoja, maziwa yote yachemshwe hadi yatokote, ya mtindi yakiwamo kabla ya kugandishwa, kwani ugandishaji peke yake hauwaui bakteria hawa kwa uhakika. Ng'ombe wakithibitika, usinunue sindano za kuwatibu. Dawa haiwafikii bakteria waliojificha ndani ya chembe za mwili, na utakachopata ni maziwa yenye mabaki ya dawa na ng'ombe yule yule. Waende machinjioni, wachinjaji wakiwa wameambiwa. Wasiende mnadani. Najua ng'ombe wa maziwa chotara ni ada ya shule ya mwaka mzima, na sikuandika sentensi hiyo kwa wepesi. Lakini anayemuuza mnadani anamuuzia mtu mwingine barua hii hii. Waliobaki wapimwe tena kila baada ya mwezi mmoja hadi miwili mpaka majibu safi yafuatane, na jirani mnayechunga naye apime wake, la sivyo utakuwa unafagia huku upepo unarudisha.

SWALI: Daktari, nina ng'ombe zaidi ya 80 na mbuzi wengi zaidi ya hao huku Kiteto. Ng'ombe kadhaa wazee wana uvimbe magotini, laini kama mfuko wa maji, lakini wanakula na kutembea vizuri. Nimesikia maziwa yanaweza kupimwa badala ya damu. Je, ni kweli, na je, nikipima maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi nitakuwa nimemaliza kazi?
Mfugaji, Kiteto, Manyara

JIBU: Ndugu mfugaji, magoti hayo ni ushahidi unaotembea. Katika makundi ya zebu, yaani ng'ombe wa asili wenye nundu, yaliyoishi na bruselosi muda mrefu, uvimbe wa maji kwenye goti la mbele ni alama inayojulikana sana, hata ambapo hakuna anayekumbuka mimba kutoka. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kusababishwa na kuumia au kulala penye mawe, kwa hiyo goti moja la ng'ombe mmoja halinisumbui. Magoti ya ng'ombe kadhaa katika kundi moja yananisumbua. Msiutoboe, kwani maji yake huweza kuwa na bakteria wengi. Angalieni pia madume waliovimba korodani.

Kuhusu maziwa, ni kweli. Kipimo cha pete ya maziwa ni rahisi na kwa kundi kama lako kinaokoa fedha nyingi. Tone la bakteria waliouawa na kutiwa rangi ya buluu hutiwa katika mililita moja ya maziwa yaliyochanganywa kutoka kwa ng'ombe wengi, yakawekwa kwenye joto la sentigredi 37 kwa saa moja. Kama maziwa yana kingamwili, hizo huwashika bakteria na kuwafungamanisha na matone ya mafuta, na mafuta yapandapo juu kuwa malai huyabeba yote, ukaona pete ya buluu juu na maziwa meupe chini. Kama hakuna, malai hubaki meupe na maziwa hubaki na rangi. Kinakuambia kama ugonjwa umo kundini. Hakikuambii ni nani. Pete ikionekana ndipo mnaanza kuchukua damu ya mnyama mmoja mmoja, na pete isipoonekana mnarudia baada ya miezi michache, kwa sababu ng'ombe mmoja mgonjwa katika 80 anaweza kumezwa na maziwa ya wenzake, na kwa sababu ng'ombe waliokauka, mitamba na madume hawamo katika ndoo. Msichanganye maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba, wala dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, wala ya ng'ombe anayekaribia kukauka, maana hayo huleta pete ya uongo.

Kwa mbuzi, usikitumie kabisa. Mafuta ya maziwa ya mbuzi hayafungamani na kupanda kwa namna ile, na kipimo hakiaminiki. Mbuzi hupimwa damu, na hapo mwombe mtaalamu wako atumie majimaji ya damu mengi zaidi kuliko ya ng'ombe, sehemu tatu kwa sehemu moja ya bakteria waliotiwa rangi, kwa kuwa uwiano wa sehemu moja kwa sehemu moja hupitwa na mbuzi wagonjwa wengi. Hilo nalisisitiza kwa sababu aina ya brusela inayowapata mbuzi zaidi, Brucella melitensis, ndiyo kali kuliko zote kwa binadamu, na jina lake limetoka Malta, kisiwa ambako somo hili zima lilianzia. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alimgundua bakteria huyo katika miili ya askari waliokufa kwa homa ya ajabu kisiwani humo, lakini kwa miaka 18 hakuna aliyejua homa inatoka wapi. Mbuzi walipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mnunuzi, wanono, wenye manyoya ya kung'aa, na hakuna aliyewashuku. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari Mmalta, alipima damu ya mbuzi wasio na dalili yoyote na kuikuta ikiwagandamanisha bakteria, kisha akawakuta bakteria wenyewe. Askari walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, homa ilipungua upesi. Mpaka leo ninapoambiwa "mbuzi wangu wana afya, wa nini kuwapima," huwafikiria mbuzi wale.

Kwa hiyo anza na pete kwa ng'ombe, damu kwa mbuzi wakubwa wachache wa kila zizi, majike waliokwisha kuzaa kwanza, na damu ya kila ng'ombe mwenye goti.

SWALI: Daktari, shikamoo. Ni kijana ninayeanza ufugaji Njombe, na nataka kununua mitamba wawili wenye mimba. Muuzaji anasema wamechanjwa dhidi ya kutupa mimba, kwa hiyo hakuna haja ya kupima, na kwamba nikipima majibu yatakuja mabaya kwa sababu ya chanjo. Anasema kweli?
Kijana, Njombe

JIBU: Marahaba, kijana. Anasema nusu ya kweli, na nusu hiyo inategemea tarehe. Chanjo ya S19, ambayo hutengenezwa hata hapa nchini, Kibaha, ni bakteria hai aliyedhoofishwa. Humkinga mtamba vizuri, ingawa si kwa ukamilifu, na huchomwa mara moja tu akiwa na umri wa kati ya miezi mitatu na minane. Akichanjwa katika umri huo, kingamwili za chanjo kwa kawaida hufifia, na anapofika kubeba mimba damu yake huwa safi, kwa hiyo Rose Bengal ikigandamana katika umri huo si jambo la kupuuzwa kwa kisingizio cha chanjo. Akichanjwa mkubwa ndipo kingamwili hubaki muda mrefu na kuvuruga majibu, na akichanjwa akiwa na mimba anaweza kuitupa kwa chanjo yenyewe. Mwombe muuzaji cheti chenye tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya chanjo na namba ya hereni. Asipokuwa nacho, wahesabu kuwa hawakuchanjwa.

Pima kabla ya kulipa, kisha uwatenge siku 30 mbali na wanyama wengine na upime tena. Lakini ujue kwamba hata hapo hujamaliza, kwa sababu wapo mitamba wachache, hasa waliozaliwa na mama wagonjwa, waliopata bakteria tumboni au kwa dang'a na ambao damu yao hunyamaza kabisa mpaka wazae mara ya kwanza. Kwa hiyo, ukiweza, muulize muuzaji akuonyeshe mama zao na umpime mama. Ukishindwa, zizi la kuzalia liwe peke yake, vaa glavu, na usichukue damu siku ya kuzaa, kwani wakati huo kingamwili nyingi zimehamia kwenye dang'a na damu huonekana safi kuliko ilivyo. Ichukuliwe wiki mbili hadi nne baada ya kuzaa. Mpaka majibu hayo yarudi, kondo lifukiwe penye chokaa, maziwa yachemshwe hadi yatokote, na ndama jike asipelekwe kwa jirani hata akikuahidi bei nzuri.